Yaliyopita Nayo ni Ndwele

Lango la mbele la pantoni la Kigongo lilikuwa la chuma. Lilipoteremshwa kugusa gati lilitoa kishindo kilichofika hadi kwenye meza za wauza mahindi. Sisi watoto tulikipenda, maana abiria wa Busisi, ng'ambo, wameshafika na karanga zitatoka. Baba mdogo alikichukia. Kabla mwangwi haujaisha alikuwa chini ya meza yake, uso mchangani, mikono kisogoni. Kisha aliinuka, akajipangusa, akaendelea kuhesabu chenji kama mtu aliyeinama kuokota sarafu. Wateja wa siku zote walitazama pembeni.

Alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, na Mwalimu Nyerere akatangaza vita Novemba 2, yeye alikuwa kijana mvuvi wa sato. Alifundishwa bunduki, akavuka mpaka Mutukula, akapita Mbarara, akarudi mwaka 1979 na blanketi, sufuria moja na mazoea ya kulala mchana. Usiku aliukesha nje, mgongo ukutani.

Tulimsaidia kwa kumwambia asahau. Babu alimwambia, shangazi akamwambia, mchungaji akamwambia, na wote kwa methali ileile: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naye alitii. Aliihamisha meza kutoka gatini akaiweka chini ya mwembe. Kishindo kikamfuata. Akapanda nayo hadi barabarani. Mwisho akaipeleka Usagara, njia panda, ambako pantoni halisikiki kabisa. Tukashangilia kwamba amepona. Lakini Usagara hupita malori, na malori hupasuka matairi. Akaiacha biashara, akabaki uani. Kila mwaka wa kusahau ulimpunguzia dunia kipande, hata ikabaki ile iliyozungukwa na ua wa minyaa.

Hospitali hatukuthubutu. Kwetu ugonjwa wa akili ulikuwa na anwani moja, Mirembe kule Dodoma, na aliyetajiwa Mirembe alihesabiwa kichaa. Baba mdogo hakuwa kichaa. Hesabu zake hazikupungua hata senti, na barua za ukoo mzima aliziandika yeye. Tulimzika mwaka 2011.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma. Nilijua kwamba mwaka 1980, mwaka mmoja tu tangu arudi, madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu, wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, katika mwongozo wao, wakisukumwa sana na hali ya askari waliotoka Vietnam. Nilijua pia kinachoulisha: kukwepa. Ukikikwepa kishindo leo, moyo hutulia, na utulivu huo ndio unaokufundisha kukwepa tena kesho. Nikaiona ile meza ikihama, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi tukiibeba pamoja naye.

Tiba niliyoisoma hufanya kinyume. Katika njia aliyoiasisi Edna Foa, mgonjwa hulisimulia tukio lenyewe kwa sauti, tena na tena, mbele ya mtu aliyefunzwa, na siku za katikati huyasogelea kidogo kidogo mambo salama anayoyaogopa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa askari wa Marekani ulionyesha kwamba vikao 10 vilivyobanwa ndani ya wiki 2 havikuzidiwa na vikao 10 vilivyotandazwa kwa wiki 8. Si wote waliopona, ila wengi walipata nafuu. Nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Wiki mbili. Sisi tulikuwa tumempa miaka zaidi ya 30 ya kungoja.

Na tiba ya namna hiyo haikuwa ya Marekani peke yake. Katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwafunza wakimbizi wa kawaida kuwatibu wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kwa njia ya masimulizi. Vikao vilikuwa 6. Miezi 9 baadaye, karibu 7 kati ya 10 waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa. Miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba, hawakufika 4 kati ya 10. Njia hiyo ilikuja kurekebishwa kwa wapiganaji wa zamani mashariki mwa Kongo. Nakivale iko Isingiro, wilaya jirani na Mbarara. Dawa ilijaribiwa jirani kabisa na palipomjeruhi.

Katika tiba hiyo mgonjwa hutandaza kamba chini, nayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha huweka ua, penye kutisha huweka jiwe. Kisha huifuata kamba akisimulia kwa mpangilio, na msaidizi huandika. Mwishoni husomewa maisha yake yote, akakabidhiwa.

Kamba hazikutupungukia Kigongo, na Mwanza nzima ni mawe. Nawaza angeweka nini. Ua, siku alipovuta wavu wake wa kwanza. Jiwe, Mbarara. Ua tena, alipomwoa mama mdogo. Jiwe lingekuwa zito vilevile, lakini lingekuwa na mahali pake, na maua huku na huku. Lake lilikosa mahali, kwa hiyo likawa kila mahali: gatini, Usagara, usiku. Methali haikukosea. Tuliokosea ni sisi, tulioyaita yaliyopita ilhali kwake yalikuwa hayajapita.

Sisemi kwamba kila mwenye jeraha avutwe mdomo. Anayeuliza kwa udadisi hutonesha akaondoka; aliyefunzwa hujua pa kupunguza mwendo, na haondoki katikati.

Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la JPM, kama kilometa 3 za zege kutoka Kigongo hadi Busisi. Nilikwenda kumwona mama mdogo, tukashuka hadi ufukweni. Zamani ningesema baba mdogo amekosa bahati, kwani ukimya huu usio na kishindo cha pantoni ungemponya. Leo najua angeirudisha meza gatini, na siku ya kwanza boti kubamiza jiwe angekuwa chini yake.

Mama mdogo alikaa juu ya mwamba, akatandaza kanga magotini. Akasema kuna usiku mmoja mume wake alianza kumweleza. Alifika kwenye nyumba moja Mbarara, mlango uko wazi, akanyamaza. "Nikamwambia lala, baba, yamepita. Akalala kweli, na hakurudia tena." Akaniangalia. "Nilipaswa kumwambia nini, mwanangu?"

"Labda ungemuuliza tu, kisha?"

Alinyamaza mpaka mtumbwi mmoja ukapita chini ya daraja. Halafu akasema kwamba usiku ule ulikuwa na mvua, na kwamba yeye mwenyewe, tangu siku ile, hawezi kulala mlango ukiwa wazi.

Nikasogea karibu. "Kisha, mama?"