Mawe ya Kilwa, Nyasi za Buha

Mwezi uliopita, nikiwa likizo nyumbani Kasulu, rafiki yangu anayefundisha sekondari huko Kibondo aliniomba nizungumze na wanafunzi wake kuhusu Kilwa. Nilikwenda kwa furaha, kwa kuwa visiwa vile nimevizoea. Niliwaeleza habari za Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 linalotazama bahari. Za Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala, na Wareno walioushambulia mji mwaka 1505. Nikawaambia kwa fahari kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Binti mmoja akasimama. "Shikamoo mwalimu. Wakati hayo yote yakijengwa, sisi huku tulikuwa wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikakwepa: nikataja misafara ya Ujiji, ambayo ni mambo ya karne ya 19, miaka 500 baadaye. Shahada ya uzamivu haikunisaidia kitu.

Jibu stahiki nililipata njiani nikirudi Kasulu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri wake, kisha akaandika kwamba umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa matete. Ndiyo, ndugu msomaji, kwa miti! Mji tunaoufundisha kuwa wa mawe, mgeni aliyeuona kwa macho yake aliueleza kuwa wa miti. Matumbawe na chokaa vimedumu. Miti imeoza pamoja na habari za wengi walioishi humo. Nasi wanahistoria huhesabu kilichosalia tukidhani ndicho pekee kilichokuwapo.

Huku Buha hata makao ya mwami yalikuwa ya miti na nyasi. Mvua za milimani hazikuacha kuta za kupigwa picha. Lakini Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi jirani na mto Malagarasi, wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua mabaki ya kazi ya watu waliochemsha chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla ya Husuni Kubwa kuwekewa msingi. Chumvi hiyo ilibebwa vichwani kwenda mbali, na waliokuja kuitafuta walitoka pande nyingi. Tulikuwa huko, binti yangu. Tulikuwa kazini.

Babu yangu aliyajua hayo. Baba yake alikuwa akishuka Uvinza kila kiangazi. Yeye mwenyewe aliondoka Kasulu akiwa kijana kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya pwani, akarudi na blanketi, kikohozi, na Kiswahili alichonifundisha kabla sijaingia darasani. Alipenda kusimulia jioni. Mimi nilikuwa na haraka ya chuo.

Mwaka 2004 magofu ya Kilwa yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hadi yalipoondolewa mwaka 2014 fedha na mafundi vilitafutwa kuyanusuru. Babu alifariki mwaka huohuo wa 2004. Nina mamia ya picha za kuta za Songo Mnara. Sina hata ukurasa mmoja wa maneno yake.

Juzi nimemwandikia binti yule barua, kupitia kwa mwalimu wake. Nimeanza na chumvi.