Maua ya Uani Mjini Kigali

Katika Kiswahili, ua la mti na ua wa nyumba hutamkwa sawasawa. Wingi ndio huyatenganisha maneno hayo: maua na nyua. Mjini Kigali hata vitu vyenyewe havikai mbalimbali. Katika nyua nyingi, karibu na kamba ya kuanikia nguo, utakuta haibiskasi nyekundu, waridi, au boganvilia iliyoparamia ukuta.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na ukawa makao makuu ya Rwanda huru mwaka 1962. Umejengwa juu ya vilima, kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta. Kwa hiyo haujui majira ya kuchipua kama ya Ulaya, ambako mimea huzinduka baada ya baridi kali. Hapa amri ya kuchanua hutolewa na mvua: zile za Machi hadi Mei, ziitwazo itumba kwa Kinyarwanda, na zile za Septemba hadi Desemba, ziitwazo umuhindo.

Lakini ua halimngoji mtu. Haibiskasi hufunguka asubuhi, na mara nyingi hunyauka kabla ya siku ya pili kwisha. Baba aliye katika ulinzi wa amani huko Sudani Kusini, au mama askari polisi aliyehamishiwa wilaya ya mbali, hatalikuta. Atakayerudi likizo ataonyeshwa kikonyo tu. Picha iliyopigwa kwa karibu ndiyo njia ya kumwekea sehemu yake.

Kazi hiyo haihitaji kamera ya gharama. Simu ya kawaida yatosha. Jua la Kigali huchomoza karibu saa kumi na mbili na kupanda upesi, hivyo mwanga mwororo ni wa muda mfupi. Saa ya kwanza, upepo ungali umetulia, ndiyo bora. Siku ya mawingu nayo ni njema, kwa kuwa jua kali la mchana huzifanya rangi zipauke na vivuli viwe vyeusi mno.

Mpiga picha na achutame, aegemeze viwiko magotini, na azuie pumzi kidogo, kama askari alengaye shabaha. Akisogea mno, picha itakuwa na ukungu. Basi arudi nyuma kidogo, kisha aguse kioo cha simu pale anapotaka paonekane wazi. Karatasi nyeupe ikishikwa upande wenye kivuli hurudisha mwanga juu ya ua.

Hapo ndipo jicho hufundishwa. Watu husifu maua mekundu ya boganvilia, kumbe wekundu ule ni wa majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni yale madogo, meupe, yaliyosimama katikati. Mtoto aliyepita mbele yake miaka mitano huyaona kwa mara ya kwanza katika picha.

Ua lisichumwe, libaki mtini hadi litakapoanguka lenyewe. Picha itumwe siku hiyohiyo, pamoja na tarehe na jina la aliyeupanda mmea. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika ua wenye picha ya namna hiyo, asiyekuwapo lake lipo.