Mkonga mpya: kuvuta si kubeba



Swali ninaloulizwa sana tangu tumalize kuvuna viazi si la mbolea wala la ukungu. Ni la gari. Vikundi viwili ninavyovihudumia huku nyanda za juu za Njombe, pamoja na wanunuzi kadhaa wa viazi, wanataka kujua kama wachange fedha zao, waongeze na mkopo, wanunue Land Cruiser pikapu mpya, ile tunayoiita mkonga. Wameona picha kwenye simu, wamesoma namba zake, na wameshaanza kuhesabu magunia kichwani.

Mimi ni afisa ugani, siuzi magari. Lakini fedha inayozungumzwa hapa ni fedha ya mbegu na mbolea ya msimu ujao, kwa hiyo swali hili linanihusu.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: gari limeboreshwa kweli, ila limeboreshwa zaidi katika kuvuta kuliko katika kubeba. Ukilinunua kwa sababu ya barabara yako, unaweza kuwa sahihi. Ukilinunua kwa sababu ya namba za injini, utalipa mkopo kwa ajili ya nguvu ambayo magunia yako hayaihitaji. Nitakueleza kwa nini, kisha upige hesabu yako mwenyewe.

Kilichobadilika

Mkonga wa mfululizo wa 70 ulianza mwaka 1984, na pikapu ya 79 ikaja mwaka 1999. Nyingi ya zile tunazoziona vijijini zina injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Injini hiyo ipo tangu mwaka 1990, na fundi wa gereji ya chini ya mti anaijua kama mkulima anavyoijua jembe lake.

Agosti 2023 Toyota ilitangaza toleo lililofanyiwa mabadiliko. Uso wa mbele ni mpya, na taa za mviringo zimerudi. Kubwa zaidi ni injini ya 1GD: silinda nne, lita 2.8, yenye turbo, pamoja na giaboksi ya otomatiki ya gia sita.

Usidharau udogo wa lita. Injini ya 1HZ hutoa kama kilowati 96 na nguvu ya mzunguko ya Nm 285. Hiyo 1GD hutoa kilowati 150 na Nm 500. Namba ya Nm ndiyo inayokueleza gari litakavyojivuta mlimani likiwa na mzigo, na hapo ongezeko ni kama robo tatu. Hiyo si porojo ya wauzaji.

Kwetu milimani kuna faida nyingine ambayo watu wa pwani hawaioni. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo ikifika Njombe, karibu mita 2,000, imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Ikipanda Kitulo inapoteza zaidi. Turbo huisukuma hewa iingie kwa nguvu, hivyo hupunguza upungufu huo. Kama umewahi kukaa nyuma ya mkonga wa zamani unaopanda kilima kwa gia ya pili huku ukitoa moshi mweusi, unajua ninachosema.

Kilichobaki

Sasa angalia chini ya gari. Chesisi ni ile ya ngazi. Ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja ni chuma kizima kinachounganisha tairi mbili. Mbele kuna springi za koili, nyuma kuna springi za tabaka. Huo ndio uimara uliolipa gari hili jina, na ni vizuri kwamba haukuguswa sana.

Lakini ndiyo maana nasema kuvuta si kubeba. Injini ndiyo inayovuta. Wanaobeba ni springi, ekseli, tairi, chesisi na breki. Nguvu ya mzunguko ya injini imepanda kwa kama robo tatu. Uzito unaoruhusiwa kubebwa haukupanda kwa kiwango hicho. Mtu akikuambia, "Hii injini ina nguvu, pakia tu," anakueleza kwamba gari litaondoka. Hajakueleza litasimamaje kwenye mteremko.

Soma kibati kabla ya kusoma tangazo

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na kila kitu ndani, na lina uzito wake likiwa tupu. Namba hizo zitafute kwenye kadi ya gari, kwenye kibati cha kiwandani na kwenye kitabu cha gari. Toa uzito wa gari tupu kutoka kwenye uzito wa juu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuongeza, na hapo wamo dereva, abiria, tairi la akiba la pili, bomba za chuma ulizochomelea kwenye bodi, na mzigo.

Tuchukue mfano. Tuseme umetoa ukapata kilo 1,100. Dereva na watu wawili, kila mmoja kilo 75, ni kilo 225. Zimebaki 875. Hayo ni magunia 8 ya kilo 100. Si 15, wala si 20.

Na hapo nimesema magunia ya kilo 100. Wewe na mimi tunajua lumbesa bado ipo, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Gunia la lumbesa likiwa na kilo 130, kilo 875 ni magunia 6 tu. Lumbesa inakuibia mara mbili: kwanza mnunuzi anachukua viazi asivyolipia, halafu inakuvunjia springi.

Utasikia fundi anasema ataongeza tabaka moja la springi, gari libebe zaidi. Gari halitainama tena, hilo ni kweli. Ila ekseli ni ileile, breki ni zilezile, tairi ni zilezile. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba inayoonyesha mzigo wake: 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250, 120 ni kilo 1,400. Fundi wa springi habadilishi namba hiyo.

Kuvuta tela ni jambo lingine, na hapo ndipo Nm 500 zina kazi. Toleo la Australia limeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini kwa tela lenye breki zake. Tela la kuchomelea mtaani lisilo na breki, kwenye mteremko wa utelezi, litakusukuma wewe bondeni.

Hesabu ya safari

Tuseme una magunia 60 ya kilo 100, na soko liko kilomita 40. Pikapu inayobeba magunia 8 itakwenda mara 8. Kwenda na kurudi ni kilomita 80, kwa hiyo jumla ni kilomita 640. Ikinywa lita 15 kwa kilomita 100, umetumia lita 96. Canter inayobeba tani 3 itakwenda mara 2, kilomita 160. Hata ikinywa lita 20 kwa kilomita 100, ni lita 32. Hizi ni namba za mfano; weka za kwako. Matokeo hayatageuka kirahisi, kwa sababu kinachoamua ni idadi ya safari, si aina ya injini.

Kwa hiyo kwa safari ndefu kwenye barabara nzuri, mkonga mpya hauwezi kushindana na Canter au Fuso ya kukodi. Kwa mzigo mdogo karibu na mji, kirikuu au toyo itakutoa kwa gharama ndogo zaidi.

Badilisha swali sasa. Tuseme Canter haifiki shambani wakati wa masika. Kutoka shambani hadi barabara kuu ni kilomita 6 za udongo mwekundu. Safari 8 za kwenda na kurudi ni kilomita 96, kama lita 15 za mafuta. Hapo mkonga unafanya kazi ambayo gari jingine haliwezi. Unaokoa pia bei. Mnunuzi akijua viazi vyako vimekwama shambani na mvua inanyesha, ndiye anayepanga bei. Viazi vikiwa barabarani, unapanga naye. Tofauti hiyo ya bei kwa kila gunia ndiyo inayoweza kulipa gari, kama ipo. Itafute kwenye daftari lako la misimu miwili iliyopita. Ukikuta ni ndogo, huna sababu ya kununua.

Mafuta na fundi

Injini ya 1HZ ina pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Injini ya 1GD husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia nozo zinazoongozwa na kompyuta. Hilo ndilo linaloipa nguvu nyingi kwa lita chache. Hilo pia ndilo linaloifanya isivumilie maji na uchafu kwenye mafuta. Dizeli ya kwenye madumu kando ya njia, na ile iliyochakachuliwa, inaweza kuua nozo na pampu. Ukinunua gari hili, jaza kituoni, badilisha filta kwa wakati, na taa ya maji kwenye filta ikiwaka, simama uyamwage siku hiyohiyo.

Usiogope kupita kiasi. Injini ya 1GD imekuwa kwenye Hilux na Prado tangu mwaka 2015, kwa hiyo mafundi wa mijini wanaifahamu. Pia inatumia cheni ya taimingi, wakati 1HZ inatumia mkanda unaopaswa kubadilishwa kwa ratiba. Ila uliza mapema: fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yuko wapi, na ni kilomita ngapi kutoka kwako? Gari la otomatiki likizima betri, vijana wa kijiji hawatalisukuma liwake.

Jambo jingine: usinunue kwa kuangalia uso. Katika masoko kadhaa ya Afrika 1HZ imeendelea kuuzwa, na boneti na taa mpya vinaweza kufungwa kwenye gari la zamani. Fungua boneti, soma namba ya injini, linganisha na kadi.

Na mkonga wenyewe, lile bomba la kando ya kioo, kazi yake ni kuchukua hewa kutoka juu, mbali na vumbi na maji. Halilifanyi gari kuwa mtumbwi. Mto ukijaa, kinachokuchukua ni maji yanayosukuma mlango, si hewa ya injini. Subiri maji yapungue.

Kabla ya kusaini mkopo

Kikundi chako kikae na daftari, si na simu yenye picha. Andikeni mambo matano.

1. Magunia mangapi kwa msimu, kwa kilo zilizopimwa kwenye mizani, bila lumbesa.
2. Kilomita ngapi ambazo Canter haifiki, na kwa miezi mingapi ya mwaka.
3. Gharama za mwaka mzima: rejesho la mkopo, mafuta, tairi, sevisi, bima, dereva, na leseni ya LATRA kama mtabeba mizigo ya watu kwa malipo.
4. Kazi gani gari litafanya miezi ambayo hakuna mavuno. Rejesho la benki halina masika wala kiangazi.
5. Nani anashika funguo, na nani anaandika kila safari. Nimeona vikundi vikivunjika kwa ajili ya hili, gari likiwa bado jipya.

Gaweni gharama za mwaka kwa kilo mtakazobeba. Mkipata gharama ya kilo moja, linganisheni na mnayolipa sasa kwa kukodi. Kama yenu ni ndogo, au kama barabara yenu kweli haiingiliki na gari jingine, basi nunueni, tena nitafurahi kuliona likipanda kilima chenu. Kama ni kubwa, kodini pikapu ya kutoa mzigo shambani kwa wiki za mavuno, kodini Canter ya kwenda sokoni, na fedha yenu iende kwenye mbegu bora.

Mwenye kikundi anayetaka tufanye hesabu hii pamoja, aje na kadi ya gari analolitaka na daftari la mauzo. Mizani nitaleta mimi.