Warsha za Chuoni: Nani Huitwa, na Saa Ngapi?

Sisi tunaoandika haya tu wanawake saba, na sote twafanya kazi katika chuo kimoja cha hapa kisiwani Mombasa. Wawili wetu wako masjala, mmoja maktabani, mmoja katika uhasibu, mmoja ni fundi wa maabara, mmoja huketi mapokezi, na wa saba ni mhadhiri wa ushonaji ambaye kwa ukarimu wake hukubali kuhesabiwa pamoja nasi. Mtu akitaja chuo, fikira humwendea mwanafunzi na mwalimu wake. Wazee wetu waliijua MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyogeuzwa jina ikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, kisha Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 yaitwa Technical University of Mombasa. Majina yamepita moja baada ya jingine, na chini ya kila jina alikuwako mtu wa kupanga faili, mtu wa kufungua milango alfajiri na mtu wa kupiga deki. Chuo chetu si hicho, wala hatutakitaja. Watu tunaotaka kuwazungumza ni hao.

Kwa miaka michache sasa twaandaliwa warsha za aina mbili. Za kwanza ni za kuongeza ujuzi wa kazi: kompyuta, utunzaji wa kumbukumbu, namna ya kuwahudumia wanafunzi, uandishi wa ripoti. Za pili huitwa za afya na ustawi, na humo utakuta mafunzo ya kupunguza mawazo, lishe, mazoezi, akiba na madeni, na kipimo cha presha na sukari.

Ni rahisi kuzikejeli warsha hizi, nasi tumewahi kuzicheka chini kwa chini, hasa siku aliyokuja mwezeshaji kutufundisha kuvuta pumzi kwa muda wa saa nzima. Hatuna ugomvi na pumzi. Lakini haki ni haki, na warsha hizi zimetufaa. Mwenzetu wa masjala alianza kazi zama za madaftari makubwa ya jalada gumu. Kompyuta ilipoletwa aliipokea kama daftari jingine: alikuwa akihesabu mahudhurio ya wanafunzi kwa kikokotoo, kisha akiandika jibu ndani ya kompyuta. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine hiyo hiyo yaweza kuhesabu. Siku mbili za mafunzo ya lahajedwali zilimwonyesha, na kazi iliyokuwa ikimbakisha afisini hadi alasiri ya mwisho wa mwezi sasa huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Hakupandishwa cheo. Alichopata ni saa zake, na kwa mwanamke mwenye watoto watatu na mama mkwe mgonjwa nyumbani, saa si kitu kidogo.

Warsha ya presha nayo ilitupa jambo ambalo hatutalisahau. Muuguzi aliyekuja alikuwa mtu makini. Hakuruhusu mtu apimwe akiwa ametoka kupanda ngazi. Alituketisha dakika tano kwanza, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, na midomo imefungwa. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Alituambia kwamba kusema wakati wa kupimwa hupandisha kipimo, na kadhalika chai au kahawa iliyonywewa nusu saa iliyotangulia. Dada yetu wa mapokezi, mcheshi kuliko sote, alitoka na 168 kwa 102. Muuguzi akangoja, akampima tena, kikashuka kidogo tu. Kiwango ambacho madaktari huanza kukiita presha ya juu ni 140 kwa 90 kikirudiwa siku tofauti, na dada yetu alikuwa amekivuka kwa mbali bila kujua. Kichwa kilikuwa kikimuuma mara mojamoja, naye akilisingizia jua. Wengi wenye maradhi haya hawaumwi na chochote, ndiyo maana hayajulikani ila kwa kupimwa. Leo anameza dawa, na achari ya ndimu ameitenga na sahani yake, pamoja na ng'onda aliyekuwa akimpenda mno. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo mmehesabiwa chumvi iliyomo katika mkate na mchuzi. Akija kwetu mgeni siku hizi twaficha kikopo cha achari kama watu wafichao mali ya wizi.

Kwa hiyo hatuandiki kuzipinga warsha. Twaandika kwa sababu siku ile ile ya kipimo, tulipogeuza macho kuutazama ukumbi, tuliwaona waliokuwamo, kisha tukaanza kuwahesabu wasiokuwamo.

Kuna utafiti uliofanywa Marekani, katika chuo kikuu cha Illinois kilichoko Urbana-Champaign, ambao watufaa hapa. Mwaka 2016 wachumi watatu, Damon Jones, David Molitor na Julian Reif, waliwachukua wafanyakazi wa chuo hicho karibu 5,000 na kuwagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likaalikwa katika mpango wa afya kazini, wenye vipimo, maswali juu ya mwenendo wa maisha na madarasa ya mazoezi na mengineyo, na kundi la pili likaachwa kama lilivyokuwa. Baada ya mwaka, gharama za matibabu za makundi hayo hazikutofautiana kwa kiasi cha kutajika, wala siku za kukosa kazi. Ila waliokubali kuingia katika mpango, walipolinganishwa na waliokataa, walionekana kuwa watu ambao tangu hapo awali walikuwa na afya bora na gharama ndogo za matibabu. Mtu akitazama ukumbi uliojaa angedhani mpango ndio uliowafanya wazima. Kumbe uzima wao ndio uliowaleta ukumbini.

Illinois si Mombasa, na sababu za mtu wa huko kutokuja si lazima ziwe zetu. Sababu zetu sisi twazijua kwa majina. Ya kwanza ni saa. Warsha za chuo chetu zilikuwa zikianza saa nane unusu mchana na kumalizika saa kumi na mbili kasoro. Mwenzetu akaaye Likoni, akitoka saa hiyo, hukuta kivuko kimefurika. Wa Kisauni hukuta daraja la Nyali limesimama. Watoto wametoka madrasa, Magharibi imeingia, na chungu hakijatiwa jikoni. Wanawake walikuwa wakisaini karatasi ya mahudhurio kisha wakiondoka kwa vidole vya miguu kabla ya saa kumi na moja. Afisi ya wafanyakazi ikaandika kwamba wanawake hawana ari ya kujiendeleza. Maneno hayo tuliyasoma kwa macho yetu katika ripoti, na yalituuma.

Sababu ya pili ni lugha. Warsha huendeshwa kwa Kiingereza cha vitabuni, na mtunza bustani aliyefanya kazi miaka ishirini huketi nyuma akitikisa kichwa kwa adabu.

Ya tatu ndiyo nzito. Wanaosafisha chuo chetu hawakuajiriwa na chuo. Waliletwa na kampuni ya kandarasi, hulipwa kwa siku, na majina yao hayamo katika orodha ya afisi ya wafanyakazi. Karatasi ya mwaliko huandikwa kutoka kwenye orodha. Siku tuliyofundishwa namna ya kuketi mbele ya kompyuta, kwamba kila baada ya dakika 20 tuyapumzishe macho kwa kutazama mbali, mama mmoja wa makamo alikuwa katika vyoo vya ghorofa ya pili, dirisha limekwama kwa rangi, akichanganya ndani ya ndoo moja blichi na dawa ya asidi ya kung'arishia masinki. Alifanya hivyo kwa kuamini kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Fundi wetu wa maabara alisikia kikohozi chake, akaingia, akainusa harufu ile na kumtoa nje kwa mkono. Blichi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza koo na mapafu, na katika chumba kisicho na hewa yaweza kumuua mtu. Kila mwanafunzi wa kemia huambiwa hayo. Mama yule alikuwa amesafisha chuo cha kufundishia kemia kwa miaka sita bila kuambiwa.

Alipopata nafuu aliomba jambo moja tu: tusimwambie msimamizi wake, asije akaonekana mgonjwa.

Jioni ile tulizungumza sana, na hatukuafikiana. Mwenzetu wa uhasibu, ambaye hesabu humjia kabla ya huruma na hatumlaumu kwa hilo, alisema bajeti ya warsha ni ya sahani 60 za chakula, na tukidai wengine waongezwe, huenda warsha yenyewe ikafutwa, tukakosa sote. Mhadhiri wetu alimjibu kwamba basi tutoe sahani zetu. Dada wa mapokezi alikaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza: kama yeye hangekuwa katika orodha, presha yake ingejulikana lini? Swali hilo likatuondolea ubishi.

Tuliandika barua. Tuliomba mambo matatu: warsha zifanywe saa tatu asubuhi, ndani ya saa za kazi, sehemu ya afya na usalama iendeshwe kwa Kiswahili, na kila afanyaye kazi ndani ya ua wa chuo aitwe. Jibu la kwanza lilikuja kwa mdomo: watu wa kandarasi si watu wetu. Hapo mkutubi wetu, ambaye ndiyo kazi yake kujua kitabu kiko rafu gani, akaleta nakala ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu cha 6 chamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi mahali hapo. Hakisemi walioko katika orodha yake ya mishahara. Kisha chataja miongoni mwa wajibu wake kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika. Tulikipigia mstari kwa penseli, tukaambatanisha na barua ya pili, tukaitia sahihi zote saba.

Hatukugombana na mtu. Tulipoitwa kwa mkuu wa chuo tulikwenda watatu, tukaeleza habari ya ndoo ile bila kumtaja mwenye ndoo. Tuliona uso wa mkuu ukibadilika alipofahamu kwamba vyoo hivyo vimo chini ya darasa analofundishia. Muda wa majuma mawili hatukusikia kitu. Kisha likabandikwa tangazo, kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi, makundi mawili kwa zamu ili kazi isisimame.

Fundi wetu wa maabara ndiye aliyefundisha. Hakutumia projekta. Alikwenda nao hadi stoo ya vifaa vya usafi, akashusha chupa moja moja, akawaonyesha zipi zisikutane kabisa, akafunga utepe mwekundu kwenye chupa za asidi na wa buluu kwenye za blichi, kwa kuwa baadhi yao hawasomi maandishi madogo. Walikuja kumi na mmoja. Maswali yao yalikuwa mengi kuliko yote tuliyowahi kuyasikia katika ukumbi ule wa juu: kama blichi ya jana yaweza kutumika leo, kama mja mzito aweza kuishika, kwa nini mikono hupasuka, nani atanunua glavu. Mmoja alisema hana haja ya mafunzo, amefanya kazi hiyo tangu kabla fundi hajazaliwa, akaketi mlangoni amekunja mikono. Hata hivyo hakuondoka.

Glavu zimeletwa. Dirisha la ghorofa ya pili limefunguliwa na seremala. Barakoa bado, na kuna jambo jingine ambalo hatukuwa tumeliwaza: msimamizi wa kandarasi alihesabu saa ile moja ya mafunzo kuwa saa isiyofanyiwa kazi, akaikata katika ujira wa siku. Barua ya tatu twaiandika juma hili, na mwenzetu wa uhasibu ndiye aliyeishika kalamu. Amekwisha kupiga hesabu ya saa hiyo kwa watu kumi na mmoja, akatwambia haifiki bei ya sahani tano za chakula.

Warsha ijayo ni ya vipimo, na muuguzi yule yule ameombwa arudi. Mama wa ghorofa ya pili ametuuliza kama na yeye atapimwa, maana mara iliyopita, asema, alikuwa akituona kupitia kioo cha mlango huku akipiga deki, tumeketi kimya na mikono mezani, akadhani twafanyiwa mtihani.