Nani Hayupo Katika Mstari?



Nyumba yetu iko Bukavu, upande wa Kadutu, mahali ambapo paa la jirani wa chini liko sawa na kizingiti cha jirani wa juu. Tunaishi watu 11: baba na mama, nyanya mzaa baba, shangazi yetu na mtoto wake wa miaka 4, na sisi ndugu 6, wavulana 4 na wasichana 2. Choo na bafu yetu ni kibanda kimoja cha matofali kilichojengwa mwisho wa ua. Ili kukifikia, tulikuwa tunateremka ngazi 10 zilizochongwa katika udongo. Ndani yake, tundu la choo lilikuwa upande mmoja na mahali pa kuogea upande mwingine, bila ukuta wa kuvitenga. Hivyo mmoja wetu alipoingia kuoga, wengine 10 hawakuwa na choo.

Mnaweza kufikiri asubuhi zetu zilivyokuwa. «Yaya, toka, nitachelewa shule!» «Subiri, bado nina sabuni machoni!» Aliyetangulia alitumia maji bila kuhesabu, na aliyekuja mwisho alikuta nusu ya ndoo. Maji yetu tunayachota kwenye bomba la mtaa, na bidoni ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20 begani mwa yule anayepanda nayo mlima. Ugomvi wa maji kwetu haukuwa mchezo.

Basi, siku moja sisi wavulana tuliketi tukaandika ratiba. Tunasema wazi kwamba iliandikwa na wavulana peke yao. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi kuna dakika 120. Tulimpa kila mtu dakika 10 na ndoo moja ya lita 10, na dakika 10 zilizobaki tukaziweka kwa ajili ya dharura. Tuliiandika kwa kalamu nyekundu, tukaibandika mlangoni. Baada ya majuma 2 kelele zilipungua, na mstari mbele ya kibanda ukawa mfupi. Baba alitusifu mbele ya wageni, nasi tukajiona watu wenye akili.

Ulipofika mwezi wa Novemba, mvua zilipokuwa zikinyesha karibu kila siku, Nyanya alianza kulalamika kwamba kichwa kinamzunguka. Alikuwa akichambua maharage huku mkono mmoja umeshika ukuta. Asubuhi moja aliinuka kitandani, akaanguka. Mama na wawili wetu tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akamwuliza mambo mengi, na mwishowe akauliza: «Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?»

Nyanya alitazama chini. «Kikombe kimoja, asubuhi.»

«Na jioni?»

«Jioni hapana. Nikinywa jioni, usiku nitahitaji kushuka kule.»

Muuguzi hakumgombeza. Alimweleza kwa upole kwamba mzee asiyekunywa maji ya kutosha hupatwa na kizunguzungu, tena anaweza kuugua njia ya mkojo. Kisha akatugeukia sisi, akauliza: «Kule ni wapi?»

Hatukuwa na jibu la kumpa bila aibu.

Tuliporudi nyumbani, tulisimama mbele ya ratiba yetu. Jina la Nyanya lilikuwepo: saa 12 na dakika 10. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwona akisimama mlangoni saa hiyo. Alikuwa akijipangusa chumbani mwake kwa kitambaa na beseni, na chooni alikuwa akishuka mara moja tu mchana, sisi tukiwa tumekwenda shule, ili asitucheleweshe na ili tusimwone jinsi anavyoteremka ngazi kwa kukaa. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mstari wetu ulikuwa umefupika kwa sababu watu walijiondoa, wala haukufupishwa na ratiba yetu nzuri. Sisi tulikuwa tumewahesabu waliosimama tu.

Jioni ile, baada ya chakula, baba aliomba kila mtu aseme ni nini kinachomtatiza kule chini. Kwanza palikuwa kimya. Aliyeanza ni mtoto wa shangazi: «Tundu ni kubwa, nitatumbukia.» Kumbe alikuwa akienda nyuma ya migomba, nasi tunaishi katika mji ambao kipindupindu si hadithi. Mama alisema kwamba hapakuwa na mahali pa kutundika kitenge, kwa hiyo alitoka kila siku na nguo iliyolowa. Baba mwenyewe, tulipomsihi aseme, alikiri kwamba alioga na maji yaliyosalia, hata yakiwa lita 2 au 3. Dada zetu wawili hawakusema neno. Mama hakuwalazimisha, aliwaita chumbani. Kesho yake alitupa orodha fupi: komeo la ndani badala ya kamba, taa, na chombo chenye kifuniko. «Na msiulize zaidi,» akasema. Hatukuuliza. Tulielewa tu kwamba kwa miezi mingi mmoja wao alikuwa akingoja giza liingie ndipo aende kuoga, akiogopa wakati huohuo giza na mlango.

Kazi ilituchukua Jumamosi 4. Fundi mwashi wa mtaani alitusaidia katika yale tusiyoyaweza. Mengine tulifanya kwa mikono yetu. Tunawaeleza kwa urefu kidogo, maana huenda kuna kibanda kama hicho kwenu pia.

Kwanza tuliweka ukuta wa mbao na bati kati ya choo na bafu, tukafungua mlango wa pili. Kuanzia siku hiyo mmoja anaoga na mwingine anakwenda chooni bila kumgonga mlango mwenzake. Milango yote miwili fundi aliiweka ifungukie nje. Alitueleza kwamba mtu akianguka ndani, mwili wake huzuia mlango unaofungukia ndani, na wanaokuja kumwokoa hawawezi kuingia. Kati yetu hakuna aliyewahi kulifikiri hilo.

Pili ni sakafu. Sisi tulitaka simenti laini inayong'aa, kama tunavyoona katika nyumba za wenye nacho. Fundi alikataa. Alipitisha ufagio juu ya simenti mbichi ili ibaki na mikwaruzo, kwa sababu sakafu laini yenye povu la sabuni huangusha hata kijana. Aliipa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasituame, akayaelekeza katika shimo dogo lililojazwa mawe, mbali na msingi wa nyumba. Maji ya kuoga hayakutakiwa kuingia katika shimo la choo, ambalo lingejaa upesi, wala kumwagikia ua wa jirani wa chini.

Tatu ni ngazi. Hapo fundi alifanya jambo ambalo tunalikumbuka hadi leo. Alimwomba Nyanya aje asimame karibu na ukuta, ainue mguu wake kadiri anavyoweza bila maumivu. Alipofika mwisho, fundi akachora alama ukutani kwa kipande cha kaa, akasema: «Huu ndio urefu wa ngazi.» Zile ngazi 10 zikawa 14, za mawe na simenti, zote sawasawa. Kando yake tulisimamisha kishikio cha miti ya mkaratusi iliyopigwa randa, kinachotoka mlango wa nyumba hadi karibu na tundu la choo. Vijana hatukuhitaji ngazi fupi, lakini sasa tunapobeba bidoni tunaona zinatufaa sisi nasi.

Mengine yalikuwa madogo. Kiti cha zamani tulikitoboa katikati, kikawa cha Nyanya. Mtoto alipata ubao wenye tundu dogo la kuweka juu ya tundu kubwa. Misumari ya kutundikia nguo tuliipiga kwa vimo viwili, cha mtu mzima na cha mtoto. Komeo liliwekwa, na taa ndogo ya jua. Nje ya mlango tulitundika bidoni ya lita 5 yenye kamba inayovutwa kwa mguu, pamoja na sabuni, ili anayetoka chooni anawe bila kushika chombo kwa mkono mchafu. Kuhusu maji, tulipiga hesabu upya: lita 10 kwa watu 11 ni lita 110, karibu bidoni 6 kwa siku. Tuligawana kuzibeba, na maji ya Nyanya hupashwa moto, wala hahesabiwi dakika.

Ilibaki shida ya usiku. Hata ngazi nzuri ni hatari kwa mzee wakati wa mvua. Tulimnunulia Nyanya ndoo yenye kifuniko ili aitumie chumbani. Kwa siku 3 hakuigusa. Alisema kwamba hawezi kukubali mjukuu abebe kitu kama hicho. Hatukubishana naye. Siku ya nne ndugu yetu mkubwa, yule aliyeshika kalamu nyekundu, aliamka kabla ya wote, akaingia polepole, akachukua ndoo, akaimwaga, akaisafisha kwa javeli, akairudisha mahali pake. Nyanya alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Hivyo ndivyo wanavyofanya mpaka leo: yeye haombi, na mjukuu hasemi. Tulijifunza kwamba kuna msaada ambao mtu anaweza kuupokea iwapo tu haukutangazwa.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua kwamba maji safi na huduma ya usafi ni haki ya kila binadamu. Ni vizuri kuidai haki hiyo kwa wenye mamlaka, nasi tunaidai, maana bomba la mtaa wetu linaweza kukauka siku nyingi mfululizo. Lakini katika nyumba yetu wenyewe kulikuwa na mtu aliyenyimwa haki hiyo na ngazi 10 za udongo, na waliokuwa na uwezo wa kuzibadili ni sisi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Kila Jumamosi bado tunabishana ni nani anayesugua sakafu. Kuna asubuhi ambapo bidoni ni tupu na mtu anakwenda shule bila kuoga. Mstari bado upo. Tena ni mrefu kuliko wakati wa ratiba ya kwanza, kwa kuwa sasa tunasimama watu 11. Tumejifunza kutolalamika juu ya urefu huo. Na jioni, tunapokunywa chai, Nyanya hunyosha kikombe chake mara ya pili.

Vijana wapendwa, mtakapokutana katika kikundi, tunawaomba mzungumze juu ya maswali haya:

1. Katika nyumba yenu, ni nani ambaye hamjawahi kumsikia akilalamika? Je, mmemwuliza?

2. Ni mpango gani wa pamoja, nyumbani au katika kikundi, ulioandikwa na watu wenye nguvu peke yao?

3. Kama mngetakiwa kupima ngazi za kwenu, mngeupima mguu wa nani?