Kasha Kwanza, Kamera Baadaye

Kwetu Muyinga ni vilima na kahawa, lakini mimi natamani kuwapiga picha samaki wa Ziwa Tanganyika humo humo majini, kwani wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Nimekwisha uza mbuzi wangu wote. Mpiga picha mmoja hapa Gitega anisifia kamera mpya yenye lenzi za kubadilisha. Kamera, sawa, na kasha la kuzuia maji je? Kwa kawaida kasha hufuata umbo la kamera moja tu, na mara nyingi bei yake huipita ya kamera yenyewe! Basi nitatafuta kasha kwanza, hata likiwa kuukuu, kisha kamera yake. Taa nayo ni lazima, maana maji humeza rangi nyekundu upesi. Baba ameuliza kama samaki hao watalipa karo. Nimemwandikia; jibu bado.