Fundi asiyetumia uzi

Shangazi yangu hushona nguo Kariokor, na kwa miaka miwili alikuwa akifungua kibanda saa tano badala ya saa mbili. Wateja wakasema amekuwa mvivu. Kumbe kila alipoamka alikuta ukungu umetanda machoni, nao haukumwondokea mpaka jua lipande. Majirani walishikilia kuwa ni mtoto wa jicho. La hasha!

Ni maradhi ya Fuchs, yaliyopewa jina la Ernst Fuchs, daktari wa Vienna aliyeyaeleza mwaka wa 1910. Huwapata zaidi wanawake. Ndani ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, mna safu moja ya chembe zinazofanya kazi kama pampu ya kutoa maji. Zikifa hazizaliwi nyingine. Usiku jicho likiwa limefumbwa maji hayapati kukauka, ndiyo maana asubuhi huwa mbaya zaidi.

Upandikizaji wa kwanza wa konea kufaulu ulifanywa na Eduard Zirm mwaka wa 1905, mjini Olomouc. Kwa miaka mingi baadaye konea nzima ilikatwa na nyingine kushonwa kwa nyuzi nyembamba, na mgonjwa aliweza kungoja mwaka au zaidi kabla ya kuona sawasawa. Mwaka wa 2006 Mholanzi Gerrit Melles alieleza njia ya kubadilisha utando wa ndani peke yake, ambao unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Hushikizwa kwa povu la hewa.

"Fundi gani huyo asiyeshona?" Shangazi aliuliza.

Matokeo yake hata hivyo si ya kubezwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa katika miaka miwili mwili huukataa utando huo kwa asilimia 1 hivi, ilhali konea nzima hukataliwa kwa asilimia 18.

Lakini mambo hayakuwa mteremko. Baada ya kulala chali akitazama dari, siku ya nne ukingo wa utando ulibanduka, ikabidi atiwe povu tena. Ukungu uliisha polepole, wiki baada ya wiki. Dawa ya matone bado anatia, na mimi humpigia simu kila jioni kumkumbusha, kwa maana mtu akishaona vyema huona dawa ni usumbufu.

Kisu hakikumtisha sana. Kilichomkosesha usingizi ni swali: "Mwanangu, hilo jicho lilikuwa la nani?" Aliambiwa tu kuwa ni la marehemu ambaye jamaa zake waliridhia.

Sasa anangojea la pili, na konea ni adimu. Juzi alitwambia naye akifa yake yatolewe. Binamu yangu mkubwa alikataa katakata. Mama hazikwi bila macho, akasema. Shangazi hakubishana naye. Alimgeukia kitinda mimba, akamwambia yeye ndiye atakayetia sahihi.